"Get" si "pata" tu

Fungua daftari la Kiswahili la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Uganda na mara nyingi utakuta safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, alama ya usawa katikati. "Go" ni enda. "Eat" ni kula. "Get" ni pata. Mawili ya kwanza hayana ubishi. Hilo la tatu ndilo linalozaa "tulipata Gulu saa kumi", "chai imepata baridi" na "nimepata kuchoka", sentensi ambazo mwalimu huzipigia mstari mwekundu bila kukumbuka kwamba mbegu yake ilipandwa ubaoni.

Msimamo wangu ni kwamba "get" lisiandikwe kamwe kwenye safu hiyo. Neno hilo halina tafsiri, lina kazi, na kazi zake katika Kiswahili hufanywa na vitenzi vingi tofauti na, zaidi ya hapo, na viambishi vinavyokaa mwishoni mwa kitenzi.

Kiingereza kililipokea kutoka kwa watu wa Skandinavia wa zama za Viking, ambao kwao "geta" lilikuwa kupata au kufikia kitu. Likatulia, likaanza kubebeshwa mizigo. Sababu inaeleweka: Kiingereza kina vivumishi kama "angry", "tired" na "wet", na mtu akitaka kusema kwamba hali hiyo imeanza, anahitaji kitenzi cha kukibeba kivumishi. "Get" likawa mchukuzi. Kiswahili hakihitaji mchukuzi huyo, kwa kuwa hali yenyewe ni kitenzi: kasirika, choka, lowa.

Kwa hiyo anayefasiri asilitazame "get" lenyewe. Atazame kinacholifuata. Likifuatwa na kivumishi, ni jambo moja. Likifuatwa na kitenzi cha kutendwa, ni jingine. Neno la mahali, jingine. Jina la kitu, jingine. Na likifuatwa na mtu anayeambiwa afanye jambo, hapo ndipo pagumu kuliko pote.

Kivumishi kwanza, maana ndipo makosa yamejaa. Mtu huzeeka, nguo huchakaa, ndizi huiva kisha huoza, chai hupoa, shati huchafuka kisha hulowa kisha hukauka, mlevi hulewa, mlaji hushiba, mgonjwa hukonda, mfanyabiashara hutajirika au hufilisika. Kiingereza kinaweza kuyasema yote hayo kwa "get" na kivumishi. Angalia pia kwamba Kiswahili kinabagua: kuzeeka ni kwa mtu, kuchakaa ni kwa kitu, na anayesema "koti langu limezeeka" ataeleweka lakini atachekwa. Neno la asili ya Kiarabu nalo linaingia katika mtindo huohuo kwa kuongezewa mkia: tajiri anatajirika, ghadhabu ikimpanda mtu anaghadhibika.

Kisha kuna hali za hewa, za bei na za mwili, ambazo Kiswahili huzigeuza kabisa. Giza huingia. Joto huzidi. Bei hupanda. Njaa huuma. Usingizi humshika mtu. Kinachotenda ni giza lenyewe na usingizi wenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa "get ni pata" ataandika "inapata giza" na hata akisahihishwa mara kumi ataona ameonewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lazima kwanza ambadilishe mtenda wa sentensi.

Kuhusu "nimepata kuchoka", kosa lenyewe lina jambo la kujifunza. Kupata likifuatwa na kitenzi kingine lina maana yake halali: kuwahi, kujaliwa nafasi. "Nimepata kumwona Kabaka" ni kusema umewahi kumwona. "Sijapata kuona mvua kama hii" ni kusema hujawahi. Kwa hiyo "nimepata kuchoka" ni sentensi sahihi kisarufi inayosema kwamba katika maisha yako uliwahi kuchoka, na mwenye Kiswahili atasubiri umalizie kisa.

Hospitalini ubaguzi huu wa maneno una uzito. "Get better" ni kupata nafuu, na pia ni kupona, na hayo hayafanani hata kidogo. Nafuu ni maumivu kupungua. Kupona ni ugonjwa kuisha. Mtu mzima anayepewa dawa mseto ya malaria hutakiwa kumaliza vidonge 24 katika siku 3, na homa mara nyingi hushuka kabla vidonge havijaisha. Maelezo ya Kiingereza yakisema asiache dawa akianza "getting better", tafsiri iwe "hata ukipata nafuu, endelea hadi vidonge viishe". Mfasiri akiandika "ukipona", ameshamwambia mgonjwa kwamba ugonjwa umekwisha, na mgonjwa mwenye akili zake atajiuliza anameza za nini. Hapohapo hospitalini, "get pregnant" ni kupata mimba katika maongezi, lakini mhudumu anayezungumza na mama uso kwa uso aseme kupata ujauzito. Neno mimba si tusi, ila ujauzito una heshima zaidi.

Tuje kwenye kutendwa. "Get paid" ni kulipwa, "get beaten" ni kupigwa, na kiambishi -w- kinamaliza kazi yote. Herufi moja tu inatenganisha nimelipa na nimelipwa, na stakabadhi nyingi zilizofasiriwa ovyo huiacha. Lakini "get broken" inadai swali: kuna aliyevunja au hakuna? Dirisha limevunjika halimtaji mtu wala halimshuku mtu. Dirisha limevunjwa linasema mkono wa mtu umo. Kiingereza kinaruhusu kukwepa swali hilo, Kiswahili hakiruhusu. Fikiria maelezo yanayotolewa kituo cha polisi, mahali ambapo Kiswahili kinatumika sana nchini mwetu. Simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Mwenye mali aliyepoteza simu akisema "nimeibwa", amesema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa. Ndoa nayo iko hapa, na wengi hukosea: mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, wawili wameoana. "Get married" haionyeshi lolote kati ya hayo, na "nilipata ndoa" si njia ya mkato inayokubalika.

Mwendo hautucheleweshi. Kupanda, kushuka, kuingia, kutoka, kurudi, kufika. Kwa "get up", aliyelala anaamka na aliyeketi anainuka. Mkia unasaidia hapa pia: abiria wa taksi anayesema "nashukia Wandegeya" amemaliza kitenzi na mahali kwa pumzi moja, na mwenye mgonjwa anayemwambia wa bodaboda "tufikishe Mulago upesi" ametumia fika na kiambishi cha kusababisha, bila pata popote.

Likifuatwa na jina la kitu, hapo ndipo pata linapostahili kukaa, tena si kila mara. Kazi unaipata, barua unaipokea, simu inayolia unaipokea pia, mwizi anakamatwa, na mlango uliobishwa hodi unafunguliwa. Kwa maji ya kunywa, Kiswahili kinataka kujua maji yatatoka wapi: niletee, kama yako mahali fulani na wewe unayasubiri, nichukulie, kama mwenzako anapita penye maji, ninunulie, kama lazima pesa zitoke, nipatie, kama muuzaji yuko mbele yako. Hili la mwisho ndilo la kaunta zetu, "naomba unipatie sukari kilo moja", na lina adabu ya kutosha. Mwenye kutafsiri hati za mahakama aongeze kujipatia, ambalo huandikwa katika mashtaka ya kujipatia mali kwa udanganyifu. Huko pata tupu haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kupata mali kwa bahati, lakini anayejipatia ameitafuta kwa faida yake.

Na sasa pagumu: "get him to sign". Kiingereza kimeficha nguvu iliyotumika. Alimwomba? Alimshawishi? Alimlazimisha? Alimdanganya? Kiswahili hakina neno la kati lisilosema chochote. "Mfanye asaini" ipo lakini inanuka tafsiri. Barua ya mwenye nyumba ikimwambia wakala "get the tenant out", kati ya "mwambie mpangaji ahame" na "mwondoe mpangaji" kuna umbali wa kesi nzima. Mfasiri asibuni nguvu ambayo hakuisoma. Amuulize aliyeandika, na asipopatikana achague neno la upole.

Wengi hushauri visawe kama daraja: ondoa "get", weka "obtain", "receive", "become", "arrive", "understand", "fetch" au "persuade", kisha ndipo ufasiri. Ni ushauri mzuri na ninauunga mkono, kwa sababu humlazimisha mtu aamue maana kabla hajagusa Kiswahili. Ila daraja hilo linavunjika kwa "become". Mwanafunzi akishaandika "become angry" atakimbilia kuwa, ataandika "amekuwa mkali", na hilo ni tabia ya mtu ilivyogeuka. Hasira ya leo ni amekasirika.

Kwa Waganda, Wasoga, Wanyankole na wengine wetu wenye lugha za Kibantu, iko njia fupi ambayo shule huiziba. Luganda ina okufuna kwa maana ya kupata kitu, na hakuna Mganda anayeliweka kwenye uchovu. Husema nkooye, kama Mswahili asemavyo nimechoka. Hasira ni okusunguwala, uzee ni okukaddiwa, ulevi ni okutamiira, kila hali na kitenzi chake. Mwanamume ni okuwasa, mwanamke ni okufumbirwa, mpango uleule wa kuoa na kuolewa, hata kile kiambishi -w- kipo. Mtoto huyu ana sarufi yote kichwani tangu nyumbani, kisha tunamzungusha kupitia Kiingereza, lugha pekee kati ya hizo tatu isiyokuwa na mpango huo. Kwa Waacholi na Walango mikia ya vitenzi haifanani na ya Kibantu, lakini hata kwao Mwacholi husema aol, nimechoka, neno moja. Njia ya lugha ya nyumbani bado ni fupi.

Jambo hili lina haraka. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wengi wataanza kwa mkupuo, na kitabu chenye safu mbili ndicho rahisi kuchapa. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Uganda haikuwa mgeni wa kazi hii: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilihamishia makao yake Makerere mwaka 1952.

Mwalimu anayetaka kuanza wiki hii hahitaji kitabu kipya. Achukue ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, wanafunzi wazungushie duara kila "get", "gets" na "got". Kando ya kila duara waandike kinacholifuata: hali, kutendwa, mahali, kitu, au mtu. Kisha waseme sentensi nzima kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, kabla ya kuiandika kwa Kiswahili. Sentensi 10 kwa kipindi zinatosha. Zikizidi wataanza kubahatisha. Kwenye "have got" wasihangaike, ni kuwa na; "have got to" ni lazima au inabidi.

Halafu pata lenyewe lipewe somo lake, mbali na Kiingereza, kwa kuwa linastahili. Kisu kinachokata vizuri kinapata, na butu hakipati. Msiba humpata mtu, naye husemwa amepatwa. Wagomvi hupatana, mzee akawapatanisha. Aliyejibu sawasawa amepatia. Bidhaa hupatikana, mapato huhesabiwa. Na tarehe 3 Novemba 2013, watu walipokusanyika Pakwach kutazama mwezi ukilifunika jua, Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari: jua lilipatwa.