Mwewe wa Ngoitokitok na Paja la Shangazi

Kushusha wageni kreta ya Ngorongoro ndiyo kazi inayonilisha. Kumshusha shangazi yako na wenzake wa kikoba kutoka Tanga ni kazi nyingine kabisa. Mgeni wa kulipa ukimwambia "kaa", anakaa. Shangazi aliyekutawaza ukiwa mtoto ukimwambia "kaa", anageuka nyuma kutazama unaongea na nani.

Ubishi ulianzia Karatu. Ilikuwa Julai, nao wamevaa madira mepesi, kanga mabegani na ndala miguuni. Nikawaomba wapitie sokoni wachukue makoti ya mitumba.

"Afrika hii hii?" Shangazi akauliza. "Baridi tumwachie Mzungu huko kwake."

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Tanga iko usawa wa bahari, ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu. Toa nyuzi 14, na usizitoe kwenye joto la mchana, zitoe kwenye alfajiri ya Julai. Bara hili hili lina barafu kileleni Kilimanjaro, nyuzi 3 tu za latitudo kusini mwa ikweta. Shangazi akanunua koti moja, eti watapokezana.

Asubuhi tukafika pale ukingoni wageni wanaposimama kuitazama kreta. Koti liliwaniwa kuliko mgao wa mwisho wa mwaka. Ukungu ulikuwa mzito, boneti ya gari siioni vizuri.

"Kreta iko wapi?"

"Iko hapo chini, Shangazi."

"Sisi tunaona moshi."

Nikawaeleza: upepo unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima hii, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, na mvuke wake unageuka wingu. Ndiyo maana ukingo wa mashariki na kusini una msitu mnene, lakini ukizunguka magharibi, inakoanzia barabara ya Seneto, nchi inakauka. Mweka hazina alisikiliza kwa makini, akafunga hoja: "Kwa hiyo tumetoa nauli kuja kutazama upepo wa kwetu."

Seneto ni barabara ya kushukia tu. Kutoka ukingoni mpaka chini ni kama mita 600. Dereva anaingiza foo-wili, anaweka gia nzito ya kwanza, anaiacha injini ilizuie gari. Ukining'inia kwenye breki zinachemka, zinaanza kunuka, na baadaye unakanyaga na hazishiki. Niliyaeleza hayo ili kuwatuliza. Matokeo yake kila kona mtu ananusa na kuuliza, "Hizo si breki?" Zilikuwa vitunguu vya kachumbari.

Chini jua lilikuwa limetoka. Pale ni kilomita za mraba kama 260 za nyasi, bwawa, msitu wa migunga wa Lerai na ziwa la magadi. Nyumbu, pundamilia na nyati waliwapata kwa wingi, simba walimpata amelala, faru alikuwa nukta ya kijivu kwa mbali. Lakini walitaka twiga. Twiga hayupo ndani ya kreta: kuta ni kali kwake, na miti anayoitegemea ni michache. "Mnyama wa taifa mmemfungia nje?" Shangazi aliniuliza mimi, mwenye kreta. Nikawahamishia kwenye tembo. Wengi wanaoonekana chini ni madume wazee wenye pembe ndefu. Majike na watoto hupenda kubaki misitu ya juu. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu Karatu akafungua mdomo: "Kumbe wamekimbia wake zao." Gari lilicheka mpaka tembo akageuka.

Saa 7 mchana tukaingia Ngoitokitok. Ni moja ya sehemu chache ndani ya kreta unaporuhusiwa kutoka garini. Kuna vyoo, kuna mti mkubwa, kuna bwawa la viboko, na juu ya vyote hivyo kuna mwewe. Ni wale wa kahawia, mdomo wa njano, mkia wenye panda anaoupinda huku na huku kama usukani. Hana hata kilo 1, ila mabawa akiyatandaza yanakaribia mita 1.5. Amewasoma watalii miaka mingi, mlio wa boksi la chakula likifunguliwa anaujua. Hashuki mbele yako. Anakuja kwa nyuma, kimya, anakwapua kwa makucha bila kutua, kisha anakula huko huko angani.

Kwa hiyo nikatoa maelezo ninayompa kila mgeni. Chakula kinaliwa ndani ya gari, paa limeshushwa na vioo vimepandishwa. Kama ni lazima kula nje, kaa chini ya matawi yaliyoshonana, kwa sababu pale mwewe hapati njia ya kupitisha mabawa. Usitembee na chakula mkononi. Usimtupie hata mfupa, maana ukimlisha leo, kesho anamparua mtoto wa mwenzako.

"Nimesafiri kutoka Tanga nije kula ndani ya gari, mie konda?" Shangazi akatandika mkeka peupe, mbali na mti, apate kuona viboko. Katikati akaweka hotipoti ya pilau na bakuli la kuku wa kukaanga.

"Shangazi, mwewe."

"Mwewe namjua. Nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Huyo anachukua vifaranga."

Kweli, anachukua vifaranga. Ila wa huku kashastaarabika, anamtaka aliyekwisha kukaangwa. Shangazi alichagua paja, akaliinua, akasema "Bismillahi". Nilisikia mvumo tu. Vidole vilikuwa bado vimekunjwa vizuri, ila paja halikuwepo. Akaendelea kuutazama mkono kwa muda, kisha akamtazama mweka hazina.

"Usinitazame mimi," mweka hazina akasema.

Wa pili akaja hapo hapo. Mama mmoja akafungua mwavuli, mwingine akalilalia bakuli la kuku, wa tatu akatupa kanga juu ya hotipoti na kukaa juu yake, akakumbuka kuwa ina moto, akainuka kwa kasi ambayo daktari wake wa magoti angependa kuiona. Huko juu, mwenye paja alikuwa anafukuzwa na wenzake, maana mwewe huporana wao kwa wao. Akabanwa, akaliachia. Likashuka moja kwa moja kwenye gari la jirani, ambalo paa lake lilikuwa limeinuliwa, likampiga kifuani mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa amejikalia kwa adabu anamenya yai.

Mzee akalitazama paja. Akatazama mbinguni. Shangazi alikuwa ameshafika dirishani.

"Mwambie hilo ni langu."

Dereva mwenzangu akatafsiri kwa sura kavu, namheshimu mpaka leo. Mzee akalirudisha kwa mikono miwili. Shangazi akalikagua, akaona matobo ya makucha, akasusa, kisha akaona hawezi kumwacha mgeni na yai tupu: akampelekea sahani ya pilau. Mwewe mwingine akaipitia nyama ya juu njiani.

Hapo ndipo amri yangu ilipotiiwa yenyewe. Wote walirudi garini bila kuambiwa, paa chini, vioo juu, pilau la moto katikati. Nilimwosha Shangazi mkono kwa maji mengi na sabuni, maana kucha lilimkwaruza kati ya kidole gumba na cha shahada, nikapaka iodini kutoka boksi la huduma ya kwanza, nikamuuliza mara ya mwisho alichoma lini sindano ya pepopunda. Makucha hayo asubuhi yalikuwa kwenye mzoga, si kitu cha kufuta kwa kanga. Akajibu kwamba la muhimu ni kuku.

Magari yanatakiwa yawe yametoka kreta kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo saa 10 nikaelekea Lerai, kwenye barabara ya kupandia. Mweka hazina alitoa daftari. Chakula kilinunuliwa kwa fedha ya kikundi, kwa hiyo upotevu uandikwe. Alisema kikundi hakibebi hasara ya mwanachama aliyeonywa.

"Basi mwandike dereva," Shangazi akasema. "Yeye ndiye anayejuana na hao ndege."