Bangi ya maabara: sheria isingoje orodha

Hapa Umoja, Nairobi, nasikia vijana wakiizungumzia bangi ya maabara kana kwamba ni ndumu ile ile, imepitia kiwandani tu. Juzi mama mmoja jirani alisema afadhali mwanawe avute hiyo, maana haina harufu ya kumwitia polisi. Hapana, mama. Ni hatari kuliko hiyo unayoihofia.

Chukua JWH-018, mojawapo ya kemikali za bangi ya maabara, ambayo John W. Huffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, waliiunda ili kuchunguza vipokezi vya ubongo. Haitoki kwenye mmea. Molekuli yake ina kiini kiitwacho indoli, upande mmoja pete za naftalini, upande mwingine mkia wa kaboni tano. THC, kilevi cha bangi, hukiamsha kipokezi cha ubongo kiitwacho CB1 kwa sehemu tu. Hii hukiamsha kikamilifu. Ndipo mtu anapopata degedege, moyo ukaenda mbio, akatapika au akaona mambo ambayo hayapo.

Kisha tazama inavyofika kwenye pakiti. Unga wa kemikali hiyo huyeyushwa kwa asetoni, ukanyunyiziwa majani makavu yoyote yale. Majani hayaloi sawasawa: ndani ya pakiti hiyo hiyo, vidole vinaweza kuokota majani matupu, kisha vikaokota yaliyobeba dozi ya kumwangusha mtu mzima. Muuzaji mwenyewe hajui. Na si unga huo tu unaoingia humo. Mwaka 2018, huko Illinois, watu zaidi ya 150 walivuja damu kwa sababu bidhaa hizi zilikuwa na brodifakumu, yaani sumu ya panya.

Sheria nazo zimekuwa zikikimbizana na kemia na kuachwa nyuma. Ujerumani ilipiga marufuku JWH-018 Januari 2009, wiki chache tu baada ya kugunduliwa kwenye pakiti za majani yaliyouzwa kwa jina la Spice. Marekani ilifuata Machi 2011. Umoja wa Mataifa uliiweka chini ya Mkataba wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili mwaka 2015. Wakati huo wote, watengenezaji walikuwa wakibadilisha kidogo tu: weka atomu moja ya florini kwenye ncha ya ule mkia, unapata AM-2201, na mbele ya hakimu hiyo ni dutu nyingine kabisa.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inategemea majedwali ya majina. Naona Bunge lifuate njia ya China, ambayo tangu tarehe 1 Julai 2021 inazuia jamii nzima ya kemikali hizi kwa muundo wake. Uingereza mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi, ikazuia karibu kila kitu kinacholevya. Hiyo kwangu ni pana mno. Muundo unaweza kuthibitishwa maabara. Ulevi unabaki kuwa mabishano ya mawakili.

Wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu waitazame Sierra Leone, iliyotangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya kush, majani yanayotiwa dawa za maabara kama hizi.

Lakini kifungu kipya bila vifaa hakitatusaidia. Kipimo cha kawaida cha mkojo hutafuta mabaki ya THC, kwa hiyo kijana huletwa hospitalini hajitambui na majibu yakatoka safi. Mkemia wa Serikali apewe mashine na sampuli za kulinganishia, matokeo yafikishwe kwa madaktari upesi, na kijana aliyevuta apelekwe kwenye matibabu, si rumande. Rumande ibaki kwa anayenyunyizia.