Halua ya Mama Mkwe

Kosa langu lilikuwa kusoma. Nilisoma kwamba mtoto wa miaka 3 huona kila anachokijua yeye dunia nzima inakijua. Ni kuanzia miaka 4 hivi ndipo anapotambua kuwa mwenzake anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walilichunguza hilo mwaka 1983 kwa hadithi ya mvulana aliyehamishiwa chokoleti yake akiwa hayupo. Mimi sikuwa na chokoleti, nikachukua kopo la biskuti, lile ambalo kila nyumba limejaa sindano na nyuzi.

"Humu mna nini?" nikamuuliza kijana wangu wa miaka 3.

"Biskuti!"

Nikafungua. Nyuzi. Nikafunga.

"Bibi hajaona ndani. Akija, atasema mna nini?"

"Nyuzi!"

Na wewe mwanzoni ulidhani mna nini? "Nyuzi!" Macho makavu.

Dada yake wa miaka 5 akacheka. "Bibi atasema biskuti. Si hajui!"

Nikamsifu mpaka akaona haya. Kumbe nilikuwa namnolea kisu.

Alasiri mama mkwe akafika, miwani kaisahau kwake. Nikatoa kikopo cha halua ya Unguja niliyoificha tangu Alhamisi, nikammiminia kahawa. Akachukua kipande, akatafuna. Akatafuna tena, taratibu.

"Halua ya wapi hii, baba?"

"Unguja, mama. Ongeza."

Akaongeza! Mtu mzima hamwaibishi mkwewe. Povu likaanza kuchungulia pembeni mwa midomo, nami bado namsifia muuzaji.

Binti yangu alikuwa anahesabu mabati. Mdogo wake, ambaye kwake hakuna asiyejua kitu, akamwegemea bibi magotini:

"Bibi, sabuni tamu?"

Nikachungulia kikoponi. Vipande vya sabuni ya mche, vile mama yao alivyovikata vya kufulia, vimepangwa vizuri kuliko halua yenyewe.

Mke wangu akapiga kelele toka jikoni nimpe mama kitu cha kuondoa ladha. Nikakurupuka, nikashika kopo la kwanza lililokuwa karibu, nikaliweka mezani.

"Karibu biskuti, mama."

Hakuligusa. Aliniangalia, akafuta povu kwa ncha ya kanga, akamgeukia mjukuu wake mdogo.

"Eti mume wangu, humu mna nini?"

"Nyuzi!"

Akainuka kwenda kusukutua.