Isusieni Tesla, lakini gari la mtu msiliguse

Tangu mwanzoni mwa 2025, mwenye Tesla hapa Marekani huulizwa maswali ambayo mwenye Toyota haulizwi. Ulimpigia nani kura? Huoni aibu? Utaliuza lini? Wengine hawaulizi. Wanapita na ufunguo mkononi, wanakwaruza mlango na kwenda zao.

Naandika haya nikiwa upande wa waliokasirika. Elon Musk, mkuu wa kampuni ya Tesla, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump kwenye uchaguzi wa 2024, kisha akapewa nafasi ya kupangua idara za serikali ambazo hakuna mwananchi aliyemchagua azipangue. Mapema Februari 2025 alitangaza mwenyewe kwamba wikendi ile walikuwa wakiitupa USAID, shirika la misaada la Marekani, kwenye mashine ya kusaga miti. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tulijua maana yake kabla ya magazeti ya hapa kuieleza. Kenya, wahudumu wa kliniki za VVU waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudishwa nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniambia hatanunua Tesla maisha yake yote, simbishii. Mimi pia sinunui.

Ninachokikataa ni hasira hii kumwangukia mtu aliyelinunua gari zamani.

Nina rafiki kutoka Bukavu, baba wa watoto watatu, anayeendesha Uber katika mji wetu. Alinunua Tesla Model 3 ya mtumba mwaka 2024, na hakuinunua kwa mapenzi ya Musk. Mwaka 2021 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuagiza Tesla 100,000, na nyingine zikakodishwa kwa madereva wa Uber. Hesabu zikaigomea, na Januari 2024 ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000. Bei ya Tesla za mtumba ikashuka. Serikali nayo ilikuwa ikitoa punguzo la kodi la hadi dola 4,000 kwa gari la umeme la mtumba lisilozidi dola 25,000, ukiwa na kipato cha kawaida. Kwa mtu anayekesha barabarani na kujaza mafuta kila kukicha, hesabu ilikuwa wazi. Rafiki yangu akachukua mkopo. Kura ya 2024 hakupiga, kwa sababu bado hajapata uraia.

Alama waliyomwachia nimeiona. Mstari mmoja kutoka karibu na taa ya nyuma hadi mlango wa mbele, umepenya rangi hadi bati, ukaruka kwenye kishikio cha mlango kisha ukaendelea. Kamera za gari lenyewe zilimrekodi aliyefanya: kavaa kofia, hakutazama kushoto wala kulia, wala hakupunguza mwendo. Bima ilimtaka rafiki yangu atoe kwanza dola 1,000 mfukoni mwake ndipo walipe kinachobaki. Gari likakaa gereji, na dereva wa Uber asiye na gari hana siku ya kazi.

Sasa ifuate hiyo pesa. Musk hakupoteza hata senti. Gari lililokwisha kuuzwa lilishamwingizia kampuni fedha yake. Na ukiharibu mlango au taa, vipuri vingi vya bodi vinaagizwa Tesla hukohuko. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, wazee walisema, na hapa mvuvi anauza mpaka kioo.

Minnesota, mwaka 2025, mtumishi wa serikali ya jimbo alituhumiwa kukwaruza Tesla zisizopungua sita akiwa kwenye matembezi na mbwa wake. Polisi walikadiria hasara kuzidi dola 20,000. Mwendesha mashtaka aliamua apelekwe kwenye utaratibu wa kulipa fidia badala ya kufunguliwa mashtaka, na mabishano yakahamia kwenye uamuzi huo. Kila upande ulikuwa na la kusema juu ya mwendesha mashtaka, juu ya Trump, juu ya Musk. Wenye magari yale sita sikuwasikia wakitajwa sana. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi: kwenye ugomvi huu mwenye gari ni ukuta tu wa kubandikia ujumbe.

Kisha kuna moto. Machi 18, 2025, huko Las Vegas, mtu alirusha chupa za petroli kwenye karakana ya Tesla ya kunyooshea magari yaliyogongwa, akafyatua risasi na kuandika neno la upinzani mlangoni. Roma, mwishoni mwa mwezi huohuo, Tesla 17 ziliteketea. Waandaaji wa maandamano ya Tesla Takedown walikuwa wakirudia kila wiki kwamba wao ni watu wa amani, wanasimama na mabango nje ya maduka ya kampuni na kuimba. Lakini Mwanasheria Mkuu Pam Bondi alishapata alichokitaka. Akauita uharibifu ule ugaidi wa ndani, na bibi wa watu aliyesimama barabarani na bango lake akajikuta akitazamwa kama mshirika wa wachoma magari.

Kuna hasara moja ambayo sitawatetea wenye Tesla, nayo ni kushuka kwa bei ya kuuzia. Watu wakikataa chapa, thamani yake inashuka, na hakuna mwenye gari anayedaiwa bei ya mwaka jana na jirani yake. Inauma, hasa deni la benki linapozidi thamani ya gari. Seneta Mark Kelly wa Arizona aliachana na Tesla yake Machi 2025 na kuchukua Chevrolet Tahoe. Anayeweza afanye hivyo. Rafiki yangu akiuza leo, atabaki hana gari na bado anadaiwa. Wako waliobandua nembo ya Tesla wakaweka ya Honda au Audi, na wako waliobandika stika nyuma kusema walilinunua kabla hawajamjua Elon. Sipendi kuona mtu akilazimika kutembea na cheti cha tabia njema kwenye bampa ili gari lake lilale salama.

Na kususia kumefanya kazi bila ufunguo wa mtu. Robo ya kwanza ya 2025 Tesla ilikabidhi wateja magari 336,681, pungufu kwa asilimia 13 kuliko mwaka uliotangulia. Faida ikaporomoka hadi dola milioni 409, na hata hiyo isingekuwapo bila dola milioni 595 ilizopata kwa kuyauzia makampuni mengine ya magari vibali vya utoaji wa hewa chafu. Si hasira peke yake iliyofanya hayo; viwanda vya Tesla vilisimama kwa muda kubadili gari lake la Model Y, na kampuni ya magari ya BYD ya China ilikuwa ikipanda kwa kasi. Ila mnunuzi aliyepita mbele ya duka asiingie alisikika.

Anayetaka kumgusa Musk mwenyewe aangalie walipo wenye hisa. Novemba 6, 2025, zaidi ya asilimia 75 ya kura zao zilimpitishia mpango wa malipo unaoweza kufikia dola trilioni 1 akitimiza malengo. Mfuko wa utajiri wa Norway ulipinga. AkademikerPension, mfuko wa pensheni wa Denmark, ilikuwa imeshauza hisa zake zote tangu Machi. Rafiki yangu na Model 3 yake hakuwa na kura mle ndani, lakini wewe unayekatwa pensheni kila mwezi huenda ulikuwa nayo kupitia mfuko wako. Waandikie. Waulize walipigaje.