Kesi ya mama wa Chamwino huharibikia kwenye kata

Huku Uingereza, tangu Aprili 2022, talaka haihitaji kumthibitishia mwenzako kosa. Unaomba kwa mtandao, unasubiri wiki 20, kisha wiki 6 nyingine, ndoa imekwisha. Mvutano hubaki kwenye mali na watoto, na huko msaada wa kisheria wa serikali ulipunguzwa sana 2013.

Mabinti wanaosomea sheria huku wakitamani kurudi kuwatetea wanawake wa kwetu Tanzania humtaja Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, na wana haki. Kesi yake ya kupinga ndoa za utotoni aliishinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu 2019. Ila ukifungua ofisi Dodoma, mkate wako wa kila siku ni kesi za talaka, na hati ya Baraza la Usuluhishi, chombo cha kuwapatanisha wanandoa kwenye kata.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite Barazani kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu, na Baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwenyekiti akiandika tu "nawaleta kwenu kwa hatua zaidi", mahakama italiondoa shauri, na mama wa Chamwino, huko mkoani Dodoma, ataanza upya nauli ikiwa imeshakwisha. Isome hati mkiwa bado palepale kata: majina ya wote wawili, tarehe, maneno kwamba usuluhishi umeshindikana, sahihi, muhuri.

Halafu mali. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango, lakini mchango lazima uthibitishwe. Kwenye shamba la zabibu Hombolo mke hupogoa, humwagilia na kuvuna, huku stakabadhi za mauzo zikiwa na jina la mume. Mtafute jirani wa shamba na mbeba makreti. Uliza mizabibu ilipandwa kabla au baada ya ndoa, maana swali hilo hubadilisha kesi nzima.

Wakikwambia ardhi ya ukoo haimhusu mwanamke, wasomee kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili. Wasomee mbele ya wazee, taratibu, kwa Kigogo, lugha ya wenyeji. Kama hukijui, nenda na msaidizi wa kisheria wa kijiji hicho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua.