Pesa Zipi?

Michango ya matibabu ya mwigizaji wa kike ikianza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hakosekani mjuaji: "Kwani zile pesa za filamu alizipeleka wapi?" Jamani, zipi?

Huyo dada unayemwona kwenye king'amuzi kila wiki hakulipwa kila wiki. Alilipwa mara moja, tena kama alimaliziwa. Anapewa advansi, kinachobaki ni "tukishauza kazi". Kazi ikiuzwa, simu ya prodyuza haipatikani. Enzi za DVD za Kariakoo ndiyo usiseme: filamu moja inakatwa Part One na Part Two, mteja ananunua mara mbili, mwigizaji malipo yake ni yale yale.

Na bado mwili ndio mtaji wake, anaugharamia mwenyewe. Chukua sini ya kawaida kabisa: anashuka kwenye gari, anagonga mlango, anaingia sebuleni, anazabwa kibao. Haifiki dakika. Nje imepigwa leo Mbezi Beach kwa sababu geti lina hadhi; sebule ni ya kuazima, iko Tabata, itapatikana baada ya wiki mbili. Basi wiki mbili zote hafumui nywele, habadili rangi ya kucha, gauni halifuliwi lisije likapauka. Akisahau, anaingia mlangoni na rasta anatokea sebuleni na wigi, na Watanzania watamcheka yeye, si prodyuza aliyeshindwa kuweka hata mtu wa kupiga picha za mwendelezo kwa simu. Gauni ni lake. Msusi kamlipa yeye. Bajaji ya saa 7 usiku pia, maana jioni yote sauti ilikatwakatwa na bodaboda na jenereta la jirani.

Haya, wapo wanaojiharibia. Wanachelewa lokesheni, skripti hawajaifungua. Nimekubali, tuendelee.

Kinachowamaliza ni maneno mawili kwenye ile karatasi moja ya mkataba: "haki zote", yaani haki zako zote kwenye kazi hiyo unamwachia prodyuza. Dada, kabla hujasaini, hakikisha zimeandikwa siku za kazi na malipo ya kila siku itakayozidi. Nguo, nywele na usafiri ni vya nani. Malipo ya mwisho yawe na tarehe. "Tukiuza" si tarehe. Halafu itajwe kazi inaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi, na ikipandishwa YouTube fungu lako ni asilimia ngapi. Part Two iwe na bei yake.

Usitegemee mikataba ya kimataifa ya haki za wasanii ikuokoe. Ule wa Roma wa 1961, kifungu cha 19, unasema ukisharidhia kurekodiwa kwenye filamu, ulinzi wako chini yake unakoma hapo. Wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, ndio uliowakumbuka waigizaji wa filamu, lakini nao unaziachia nchi nafasi ya kumhamishia prodyuza haki zako ukisharidhia kurekodiwa. Unarudi pale pale kwenye karatasi yako.

Atakwambia, "Dada, sisi ni familia, makaratasi ya nini?" Muulize kama mwenye kamera za kukodi naye ni familia, au yeye kalipwa taslimu kabla hajafungua begi.