Sekunde za jaribio moja hazitoshi kuipima programu ya BDD

Kila ninaposoma ripoti inayodai kuwa programu fulani ya michoro ya maamuzi jozi, ambayo wahandisi wa sakiti huiita BDD (michoro inayoonyesha fomula ya mantiki kwa kuuliza thamani ya kila kigeu, 0 au 1, kimoja baada ya kingine), inaipita nyingine kwa kasi, kwanza hutafuta jinsi vigeu vilivyopangwa na idadi ya mipangilio iliyojaribiwa. Mara nyingi jibu halimo. Mtafiti amechukua sakiti za ISCAS-85, mkusanyiko maarufu wa sakiti za majaribio, akaziendesha mara moja kwa mpangilio uliomo kwenye faili, kisha akachapisha jedwali la sekunde na nodi, yaani vituo vya mchoro. Kwa maoni yangu, jedwali la namna hiyo halithibitishi ubora wa programu yoyote.

Sababu imo katika BDD yenyewe. Mwaka 1986 mtafiti wa kompyuta Randal Bryant alionyesha kwamba mpangilio wa vigeu ukishawekwa na nodi za ziada zikaondolewa, kila fomula ya mantiki hubaki na mchoro mmoja tu, jambo lililorahisisha sana kazi ya kuhakikisha kuwa sakiti mbili zinafanya kazi ileile. Alionyesha pia gharama ya mpangilio mbaya. Chukua vigeu 16, uvifunge viwili viwili kwa «na», kisha uziunganishe jozi zote nane kwa «au». Wenzi wakifuatana, mchoro una nodi 18, zikiwemo mbili za mwisho za 0 na 1. Ukitanguliza kigeu cha kwanza cha kila jozi na kuwaacha wenzi wote nyuma, fomula ileile inahitaji nodi 512.

Wapo watakaosema kuwa programu za leo hupanga vigeu zenyewe. Ni kweli: mbinu aliyoieleza Richard Rudell mwaka 1993 hukipandisha na kukishusha kila kigeu na kukiacha mahali panapopunguza nodi zaidi. Lakini matokeo yake hutegemea mahali ilipoanzia, kwa hiyo faili inaweza kuibeba programu moja na kuiangusha nyingine bila mtu kutambua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpangilio wa vigeu uchanganywe kibahatishi mara nyingi, kila programu ipewe michanganyo ileile na kiasi kilekile cha kumbukumbu, na ripoti ionyeshe mtawanyiko wote wa matokeo, si wastani peke yake.

Hata hesabu ya nodi inataka uangalifu. Chukua programu mbili za BDD, CUDD na BuDDy: CUDD hutumia viungo vya ukanushaji, ambavyo huwezesha fomula na kinyume chake kutumia nodi zilezile, ilhali BuDDy haina viungo hivyo. Kuweka hesabu zao bega kwa bega bila maelezo ni kumpotosha msomaji.

Linalonisikitisha zaidi ni sakiti ya c6288, mojawapo ya zile za ISCAS-85, kuachwa kimyakimya. Hicho ni kizidishi cha biti 16, na Bryant alithibitisha mwaka 1991 kuwa hakuna mpangilio wa vigeu unaouokoa mchoro wa uzidishaji usivimbe kupita kiasi kadiri biti zinavyoongezeka. Ibaki kwenye jedwali, na programu ikiishiwa kumbukumbu, iandikwe hivyo hivyo pamoja na kiasi ilichokuwa imepewa.